Tulivyompata Nesi wa Mama

Habari ya nesi niliipata nikiwa nimeshika soksi moja ya mume wangu, naitafuta ya pili. Chumba cha kufulia cha jengo letu kiko chini kabisa, chini ya ghorofa zote, na ndicho kilichokuwa redio yetu, gazeti letu na baraza letu la usuluhishi. Pale Thorncliffe Park, mtaa wetu wa Toronto, mtu akipata kazi, akipata mimba au akigombana na mwenye jengo, mashine za kufulia ndizo zinazojua kwanza. Lifti inajua baadaye. Msikitini wanasikia Ijumaa, habari ikiwa imeshapoa.

Jirani yangu Mkenya, mama wa ghorofa ya juu yetu aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa anakunja mashuka. Akaniuliza mama yangu anaendeleaje.

"Kizunguzungu kilekile," nikamwambia. "Na miguu imeumuka kama maandazi."

"Na daktari wenu anasema nini?"

"Daktari yupi?"

Akaliacha shuka lining'inie. "Woi! Kwani mpaka leo hamna daktari wa familia?"

"Nimewapigia wote. Namba zao nazijua kwa kichwa kuliko za ndugu zangu. Kila mmoja anasema hapokei wagonjwa wapya. Sijui wale wa zamani waliingilia mlango gani."

"Ati wewe? Mjanja wa Kariakoo, mwenye kuuza mpaka upepo, umeshindwa kutafuta daktari?" Akacheka mpaka akaegemea mashine, na mashine yenyewe ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo wakacheka wote wawili. "Sasa skiza. Kile kituo cha afya cha mtaa, pale nyuma ya maduka, wameleta nesi mpya. Anachukua familia nzima nzima. Na ni sisi watu wa hapa tu tunaoruhusiwa."

"Nesi wa nini? Wa sindano?"

"Wacha hizo. Huyu amesoma kupita unesi wa kawaida. Anakupima, anakuandikia dawa, anakutuma maabara, halafu ukirudi anakukumbuka wewe ni nani. Mimi na watoto wote tuko kwake. Lakini wahi, nafasi zinaisha. Wale wa jengo la pili wakisikia, hamtapata."

Maneno hayo nayafahamu. Miaka yangu ya kuuza vitenge Kariakoo niliyasema mwenyewe kutwa: wahi dada, zimebaki mbili tu. Mtu akinitupia mimi, kwa kawaida najua ghala limejaa. Siku hiyo niliamini kila neno. Nikaacha nguo ndani ya mashine, lifti nikaiona inasitasita ghorofa ya saba, nikapanda ngazi mbio kama msichana. Soksi ya pili sijaiona hadi leo.

Inabidi nieleze kwa nini nesi anamfanya mtu mzima apande ngazi mbio.

Mama alitoka Tanga kuja kuishi nasi Toronto katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tumevutana kwa simu muda mrefu kuhusu nani atakaa naye, na mimi nikashinda, si kwa haki bali kwa kelele. Alikuja na masanduku mawili, presha yake ya siku zote, na ulimi wake. Tulingoja kadi ya afya, ikafika, ina picha yake amekunja uso. Niliipokea kwa shangwe kama pasipoti. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kadi ile ni ruhusa ya kutibiwa tu. Mtu wa kukutibu unamtafuta mwenyewe.

Basi tukawa watu wa kliniki za foleni. Unaingia bila miadi, unakaa mpaka unawazoea watoto wa watu, halafu unamwona daktari usiyemjua na ambaye hutamwona tena. Kwenye ukuta wa mojawapo walibandika karatasi: tatizo moja kwa kila ziara. Nikaisoma mara mbili nisije nikawa nimekosea. Nikamwendea binti wa mapokezi.

"Mama yangu ana kizunguzungu na miguu imevimba. Mtu ni mmoja. Huwezi kunihesabia moja?"

"Hayo ni matatizo mawili."

"Miguu yenyewe ni miwili, mbona hiyo unaihesabu tatizo moja? Tupunguziane."

Hakucheka. Nilikuwa nimezoea kwamba bei ya kwanza ni njia tu ya kuanzisha mazungumzo. Kule ilikuwa ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo mama alitibiwa kwa vipande. Daktari wa kwanza, kabla miguu haijavimba, alikuwa ameshashughulikia presha, akaandika dawa. Wa pili alishughulika na miguu, akaandika kidonge cha kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Wa tatu alipewa kizunguzungu, akasema mama anywe maji kwa wingi.

"Mmoja anayatoa, mwingine anayaingiza," mama akasema tukiwa kituo cha basi. "Hawa wamenigeuza bomba."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na foleni nyuma yetu, na foleni ile tulikuwa tumeiona kwa macho. Lakini kila safari mambo yalikwenda vilevile. Daktari anauliza hali. Mama anavuta ushungi, anakaa sawa, anasema, "Alhamdulillahi, mzima. Na yeye hajambo? Nyumbani hawajambo?" Mimi natafsiri nusu ya kwanza, maana daktari ameshageukia kompyuta na nusu ya pili haina pa kuiweka. Daktari anauliza mama anakunywa dawa gani. Hapo simwachii mtu. Dawa nilizichukua mimi dukani, chupa nilizipanga mimi, na kila wiki nilizihesabu mara mbili kuhakikisha mama hajaruka hata kidonge kimoja. Nilizitaja zote kwa kichwa, na madaktari waliniangalia kwa heshima. Mama alikaa kimya.

Tukitoka nje ndipo anaposema. "Yule kijana hana kwao? Hata hakuuliza natokea wapi. Nitamwambiaje mambo ya mwili wangu?"

Baridi ilipokolea, siku moja aliinuka kwenye kiti jikoni, akashika ukingo wa sinki, akabaki pale macho amefumba. Nikamkimbilia. Alipofumbua macho hakulalamika. Alisema taratibu kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha: "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Tanga nikiumwa yupo anayenijua. Hapa nikianguka wataniuliza kadi."

Jioni hiyohiyo kaka akapiga simu. Alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. "Mlete tu mama yangu, kitanda chake bado kipo."

Nikafanya na mama biashara mbaya kuliko zote za maisha yangu. Nikamwahidi: baridi ikiisha, kama sijampata mtu wa kumtibu na akamjua, nitamkatia tiketi kwa mkono wangu. Mama akakubali bila kuomba punguzo. Kesho yake masanduku mawili yalitoka chini ya kitanda, yakasimama kando ya ukuta. Kila nikipita na chai naona yameongezwa kitu. Kwanza viatu. Halafu msahafu wa zamani. Siku nilipoiona ile picha ya harusi yangu imewekwa juu ya nguo, nilijua hafanyi mzaha.

Na theluji nje ilikuwa imeshaanza kuwa tope.

Asubuhi baada ya habari ya chumba cha kufulia nilikuwa mlangoni pa kituo cha afya kabla hawajafungua. Ndani, nyuma ya kaunta, alikaa mzee wa Kihindi mwenye sweta la kijivu na miwani inayoning'inia kwa kamba. Nikaeleza shida yangu kwa Kiingereza changu cha sikukuu. Akaniuliza naishi jengo gani, akaangalia bili yangu ya umeme, akaridhika, akabonyeza bonyeza kompyuta.

"Nafasi ya kwanza kwa mgonjwa mpya ni mwezi wa saba."

Nikainamia mkoba wangu, nikajisemea kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiye na wa kumsikia: "Mwezi wa saba mama atakuwa Tanga anakula machungwa."

Mzee hakuinua uso. "Ya Muheza au ya Lushoto?"

Kiswahili, tena cha mtu anayeijua Tanga. Halafu nikahisi kitu kinapanda kutoka miguuni, kama zamani mteja mzuri anaposimama mbele ya meza yangu asubuhi.

"Ya Muheza," nikasema. "Ya Lushoto nayapita barabarani."

"Sawasawa." Sasa akaniangalia. "Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, palepale Tanga. Mimi nimeondoka kijana."

"Mimi nilikuwa nauza vitenge Kariakoo."

"Basi tunajuana," akasema, akavua miwani. "Lakini dada, nafasi hizi mimi siziuzi. Nazigawa."

"Kila mwenye duka huanza hivyo. Mwezi wa saba hapana. Nipe wiki ijayo."

"Wiki ijayo! Unataka nimtoe nani? Mwezi wa sita, mwishoni."

"Mama ana miaka sabini na kitu, akisimama dunia inazunguka. Wiki ijayo."

"Unakaa wapi hasa? Karibu?"

"Jengo lile pale. Ukichungulia hapo dirishani unaona nguo zangu kwenye kibaraza."

"Kuanika nguo kwenye kibaraza ni marufuku."

"Basi unaona mahali ambapo zingekuwa."

Akacheka kwa pua. Nikajua bei imeanza kushuka.

"Sikiliza," akasema. "Watu huwa wanaghairi. Mtu akighairi saa hizi, nikikupigia, mama unaweza kumfikisha upesi?"

"Kabla hujaweka simu chini."

"Usipopokea mara ya kwanza, nampigia mwingine. Sitaki kesi."

Nikampa namba yangu, ya mume wangu na ya jirani Mkenya. Nikamwomba anisomee alizoandika. Akasoma. Nikamwomba arudie. Akarudia, akatikisa kichwa. "Kabisa kama baba yangu," akasema. Sikujua kama ni sifa. Nilitoka pale naruka madimbwi.

Ngumu zaidi ilikuwa nyumbani.

"Nesi?" Mama aliweka kikombe chini. "Nimepanda ndege mbili, nimevuka bahari na barafu, nije kutibiwa na nesi? Kwani hospitali ya Bombo kule Tanga hakuna manesi?"

"Mama, huyu ni tofauti na wale."

"Manesi nawajua. Nilipokuwa nakuzaa wewe, nesi alinisimamia mlangoni akaniambia nipunguze kelele, mimi si wa kwanza kuzaa. Nilipunguza. Nikamaliza kukuzaa kimya, ndiyo maana kelele zote unazo wewe."

"Huyu hatakusema."

"Wote wamesoma chuo kimoja."

"Mara moja tu, mama. Akikusema, tunatoka."

"Akinisema, tunatoka na unanikatia tiketi siku hiyohiyo. Hatungoji theluji."

Nikakubali. Nilikuwa nimeshajifunga, kamba moja zaidi haikuniongezea kitu.

Simu ililia nikiwa nimezama kwenye unga wa chapati mpaka viwikoni. Nilipokea kwa kidole kidogo.

"Dada wa machungwa, mtu ameghairi. Njooni saa tano. Na nesi anasema mlete kila kitu mama anachokunywa. Kila kitu. Hata majani, hata mafuta, hata cha kunusa."

Nilipiga kelele mpaka mume wangu akadhani nimejimwagia mafuta. Mama, kwa upande wake, hakuona haraka yoyote. Alikataa kutoka bila kuoga. Akabadilisha ushungi. Akarudi kubadilisha viatu. Mimi nikakusanya chupa zake zote kwenye mfuko, nikazihesabu, nikazihesabu tena kwenye lifti. Tulipotoka nje upepo ulikuwa bado una meno, lakini mama alitembea amenishika mkono, na nikaona anatazama jua lililomulika vioo vya majengo, akasema hata hii nchi ikitaka inaweza.

Nesi alikuja mwenyewe kutuita. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa koti jeupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mvi fupi, viatu vya mazoezi, mzaliwa wa kaskazini ya jimbo letu. Alimpa mama kiti kizuri, yeye akakaa kwenye kigoda cha magurudumu kilicho chini zaidi. Kompyuta ilikuwa nyuma yake. Mama aliliona hilo kabla yangu.

Akauliza hali. Mama akavuta ushungi. "Alhamdulillahi, mzima. Na yeye hajambo? Nyumbani hawajambo?"

Nikatafsiri nusu ya kwanza kwa mazoea, nikanyamaza.

"Amesema na kingine," nesi akasema.

"Anauliza habari za nyumbani kwako."

"Ah!" Akamgeukia mama. Akasema wanawe wazima, wawili, na mama yake yuko kaskazini bado anaishi peke yake, ila magoti yanamsumbua. Nikatafsiri.

"Mpe pole ya magoti," mama akasema. "Amkande na maji ya moto yenye chumvi."

Ikawa ndiyo mwanzo. Nesi akauliza mama anaishi na nani. Nani anapika. Analala vizuri? Ghorofa ya ngapi, lifti ikiharibika inakuwaje? Tanga alikuwa akifanya kazi gani? Amezaa wangapi, wako wapi? Mama alijibu kila kitu na kwa kila jibu alirudisha swali, na mimi nikawa katikati nageuza shingo kama mtu anayetazama mpira. Nilitazama saa ya ukutani. Nikatazama tena. Kwa hesabu zangu tulikuwa tumeshakula muda wa madaktari watatu na miguu haijatajwa. Nilitaka kupiga meza niseme, jamani, kizunguzungu! Mama akanigeukia, akaninong'oneza, ingawa nesi asingeelewa hata angepiga kelele:

"Huyu ana adabu."

Halafu akajiweka sawa kwenye kiti, na akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Basi mimi mzima. Ila..."

Kwetu salamu ya kwanza haibebi ugonjwa. Utakuwa umelala kitandani huinuki, mtu akiuliza hali unajibu njema, kwa sababu hajakaa bado. Akikaa, akiulizwa na yeye, mkimaliza watoto na mvua na mazao, ndipo unasema ila. Madaktari wote wale tulikuwa tumewaaga kabla ya ila. Mimi niliyezaliwa ndani ya desturi hiyo nilikuwa nimewabebea neno mzima, nikawakabidhi kama jibu.

Mama akasema yote. Kizunguzungu kinakuja akisimama, si akikaa. Miguu inavimba zaidi jioni. Usiku anaamka kukojoa mpaka anachoka. Anaogopa kuoga peke yake, na hilo mimi sikulijua. Nilidhani anaimba bafuni kwa raha, kumbe anaimba ili nijue bado amesimama.

"Na anakunywa dawa gani?" nesi akauliza.

Nikafungua mdomo. Nesi akainua kiganja, kwa upole. "Samahani. Nimemwuliza yeye."

Nikafunga mdomo. Nikazipanga chupa mezani zilivyo, kwa mstari. Mama akaziangalia moja moja, akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa leso iliyofungwa fundo, akalifungua fundo taratibu. Ndani zilikuwa karatasi za vidonge, zile za kubonyeza zenye mgongo wa fedha. Nyingi.

"Na hizi za mwanangu," akasema.

Sikutafsiri. Nilisahau kabisa kazi iliyonileta. "Mama! Hizi unakunywa?"

"Ninakunywa. Kaka yako ananitumia kila akipata msafiri. Mtu kabeba dawa kutoka Tanga, kaja nazo mpaka hapa, kaniletea mkononi. Ulitaka nizitie kabatini?"

"Lakini una za hapa!"

"Za hapa ni zako wewe," mama akasema. "Hizi ni za mwenzio. Mimi nimezaa wawili."

Nesi alingoja. Nikamtafsiria, lakini sauti yangu ilikuwa imepungua. Hakushangaa wala hakumsema mtu. Akachukua karatasi moja, akaigeuza, akasoma maandishi madogo, akatafuta kwenye kompyuta. Kisha akaiweka karatasi ya kaka kando ya chupa yangu ya presha, zikigusana, akazigonga zote mbili kwa kidole.

Dawa ni moja. Kiwanda kingine, jina lingine, rangi nyingine, lakini dawa ni ileile. Mama alikuwa anakunywa presha ya watoto wawili.

Akampima presha akiwa amekaa. Akamwomba asimame, akamshika kiwiko, akampima tena, na ile namba ya juu ikaporomoka mbele ya macho yetu. Mama akashika meza. "Ndicho hicho," akasema. "Kizunguzungu changu ndicho hicho! Kimekuja!" Alisema kwa furaha, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku wake, na nesi naye akatabasamu, nikajikuta mimi nacheka na machozi yananitoka.

Nesi akatuchorea kwenye karatasi. Dawa ile ikizidi, huvimbisha miguu. Miguu ikapewa kidonge cha kutoa maji. Maji yakitoka, presha inashuka zaidi, kizunguzungu kinaongezeka. Mshale huu unakwenda hapa, huu unarudi pale. Nilikuwa naona mafundo yanafunguka moja baada ya jingine. Akasema madaktari wale hawakukosea, kila mmoja alitibu kile alichoambiwa. Hakuuliza nani aliwaambia. Nami nikatazama dari, ilikuwa safi sana.

Nilikuwa nimehesabu zile chupa mara mbili kila wiki, na kila wiki hesabu ilitimia. Haikuwa na kosa. Ila si dawa zote zilizokuja kuhesabiwa.

Sasa ikabaki kuchagua, na hapo nikaona nilikotoa tabia zangu.

"Asubuhi ya binti, jioni ya mwanangu," mama akasema.

Nesi akatikisa kichwa.

"Leo ya huyu, kesho ya yule."

"Chupa moja," nesi akasema. "Kidonge kimoja kwa siku, ili wewe ukijibu na mimi nikiandika tuwe tunasema kitu kimoja. Hiki cha maji tunakiacha. Leo tutachukua damu, na wiki mbili zijazo nataka kukuona."

Mama akaanza kuzikunja zile karatasi ndani ya leso, polepole mno. "Mwanangu ataumia," akasema.

Nikatafsiri. Nesi akafikiri kweli, si kwa kujifanya. "Mwambie atume kitu kingine."

"Kama dagaa?" mama akaniuliza mimi.

"Wana chumvi, mama. Na watanuka ndege nzima."

"Basi kanga," mama akasema. "Kanga sikatai."

Tulipotoka, yule mzee wa mapokezi alisimama nyuma ya kaunta yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mama akamkagua toka miwani hadi sweta. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia baba yake na duka la Ngamiani. Uso wa mama ukafunguka.

"Yule aliyekuwa akipima kitambaa huku anakivuta?"

"Alikuwa anakinyoosha tu, bibi."

"Alikinyoosha mpaka gauni langu la Idi likafika magotini! Wewe angalia usije ukaninyooshea miadi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Akamwandikia ile ya wiki mbili. Akabonyeza tena kompyuta. "Na baada ya hapo nesi anataka kumwona baada ya miezi mitatu. Hiyo itakuwa mwezi wa saba."

Nilishika ukingo wa kaunta. Masanduku yalikuwa kando ya ukuta, picha yangu ya harusi juu ya nguo. Mzee naye alikumbuka. Aliniangalia mara moja akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mbele ya mtu wa biashara na sikuthubutu kusema neno.

"Mwezi wa saba," mama akasema. "Niandikie asubuhi. Mchana nitakuwa na usingizi."

"Bibi hatakuwa Tanga, anakula machungwa?"

"Machungwa hata hapa yapo," mama akasema, akifunga mkoba. "Hayana ladha, lakini yapo."

Nje sikuweza kujizuia. Nilimkumbatia pale kwenye tope, watu wanapita, mpaka akaniambia nimwache, nitamwangusha baada ya kazi yote ile. Jioni akampigia kaka.

"Nimempata mtu wangu," akamwambia.

"Daktari?"

"Nesi."

"Nesi!" Nilimsikia kaka nikiwa jikoni.

"Usimdharau. Ananiuliza habari za nyumbani. Wewe leo hujaniuliza." Kisha akamweleza kuhusu dawa, kwa kuzunguka, kwa maneno laini, akamalizia na kanga.

Miguu ilishuka kabla hata ya zile wiki mbili kutimia. Alirudi kuoga kimya kimya, ikabidi nimzoee upya. Viatu vilitoka sandukuni, kisha msahafu. Picha ya harusi ilichelewa. Alisema amesahau, nami sikumuuliza.

Mwezi wa saba ulipofika, msafiri mmoja wa Tanga alikuwa ametuletea furushi kutoka kwa kaka. Kanga doti moja, nzuri, ya bluu. Na ndani ya mikunjo ya kanga, karatasi za vidonge, mgongo wa fedha. Mama alizitazama, akacheka, akazifunga kwenye leso. Asubuhi ya miadi aliniita mlangoni, ameshavaa kanga ile mpya.

"Shika hizi," akasema. "Nampelekea nesi azione. Sijagusa hata kimoja. Na umwambie kwamba mwanangu hasikii, labda nesi ampigie yeye mwenyewe."

Nilizihesabu kwenye lifti. Nikazihesabu tena tukivuka barabara, mama akiwa mbele yangu, hajanishika mkono. Zilikuwa zimetimia.